Rangi ya Kucha kwenye Tabo

Gari lile nililisikia kabla sijaliona. Lilikuwa likipiga mluzi. Haukuwa mluzi wa breki wala wa fenibelti iliyolegea, hiyo niliijua. Huu ulipanda kila dereva alipokanyaga mafuta na ukakatika alipoachia, kama mtu anayevuta hewa kupitia katikati ya meno. Niliweka spana chini. Stesheni wagoni ya Kijapani, rangi ya fedha iliyokwishageuka rangi ya vumbi la barabara ya Kahama, iliingia polepole kwenye uwanja wetu pale Shinyanga mjini, ikageuka, ikasimama pua ikiwa imeelekea getini. Dereva hakuzima injini.

"Wewe ndiye kijana wa magari yaliyowashinda wenzako?" aliuliza kupitia dirishani.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Nimekuuliza swali."

"Inategemea nani amekwambia."

Alicheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka: paa la mabati, mapipa ya oili chakavu, fundi jirani yangu aliyelala chini ya pikapu, mlango wa nyuma wa duka. Kisha akazima gari, akatoa funguo, akazitia mfukoni na kuufunga mfuko kwa kifungo.

"Gari hili linavuta magurudumu yote manne," alisema. "Lina tabo. Niliambiwa ni moto wa kuotea mbali. Juzi nimepitwa na pikapu iliyopakia mbuzi. Wale mbuzi walikuwa wananitazama, kijana. Wananitazama mimi."

Alikuwa broka. Kwa wasiozijua zile sehemu, broka ni yule anayekwenda kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kununua dhahabu na kuiuza kwa wakubwa zaidi. Nyumba yake ilikuwa Kalangalala, Geita, na kazi yake Nyarugusu. Alinieleza kwamba duara, yaani shimo, likitema dhahabu, habari inatoka hapo hapo, na broka wa kwanza kufika ndiye anayeuziwa. Wa pili anasimuliwa. Yeye alikuwa amesimuliwa mno. Alitaka injini iongezwe nguvu, basi.

Sikumwamini. Nakiri kwamba siku zile sikumwamini mtu yeyote anayetaka gari liende mbio zaidi ya lilivyotengenezwa. Nilijiuliza anamkimbia nani. Na kwa nini atoke Geita, apite mafundi wote wa njiani, aje kwangu?

"Fundi wa Geita akishajua gari langu lina uwezo gani, kesho kuna mtu mwingine anajua," alisema, kana kwamba nilikuwa nimeuliza kwa sauti. "Barabara ile ina watu. Wewe una ndugu Geita?"

"Sina."

"Nyarugusu?"

"Sina."

"Ushirombo?"

"Yuko binamu wa mama. Anafundisha katekisimu pale misheni."

Alimfikiria huyo mwalimu wa katekisimu kwa muda mrefu, kama vile tayari anamwona njiani na panga.

Niseme na mimi nilikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Sikusomea ufundi. Baada ya kidato cha nne nilikosa nafasi chuoni, nikawa naenda nyuma ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba ambako kulikuwa na injini zilizotupwa, nazifungua na kuzifunga, nazifungua na kuzifunga, bila gari, bila mafuta, bila mtu wa kuniambia nimekosea. Kitabu changu kilikuwa cha Kijapani, kimetoka kwenye gari lililoagizwa, na mimi Kijapani sijui hata herufi. Nilisoma picha na mishale. Ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi usiokwisha. Mtu aliyefundishwa anajua alichofundishwa. Mimi sikujua nisichokijua kiko wapi. Niliwahi kumfuata mteja kwa baiskeli hadi Ibinzamata ili nikaze upya nati ambayo nilikuwa nimekwishaikaza, na yule mteja, aliponiona natokwa jasho kando ya gari lake na spana mkononi, alidhani nimekuja kuiba tairi.

Na nilikuwa naosha. Siwezi kufunga kifaa kichafu, mpaka leo. Kikitoka kwenye gari kina grisi na masizi, naona kama kimeficha ufa, na ufa huo utaniaibisha mbele za watu.

Uwanja haukuwa wetu. Ulikuwa wa mzee wa Kihindi mwenye duka la spea upande wa barabarani, ambaye babu yake alifika Shinyanga enzi za kununua pamba na ngozi. Alituruhusu mafundi wachache kufanya kazi nyuma ya duka kwa sharti moja, na sharti hilo alilirudia kila fundi mpya alipoingia.

"Mteja akija kwangu kusema ameibiwa kitu, fundi huyo anaondoka siku hiyo hiyo. Mimi sitafuti nani mkweli. Wakisema uwanja una mwizi, kesho watasema spea zangu ni za wizi."

Nilikuwa nimewaona wawili wakiondoka hivyo, na hakuna uwanja mwingine mjini uliowapokea. Mmoja aliishia kuziba pancha za baiskeli kijijini kwao, na hata huko watu walisimama kumwangalia mikono. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa kuliko injini yoyote.

Broka hakuliacha gari peke yake, na sikutegemea aliache. Miaka ile hakuna aliyemwachia fundi gari akaenda zake. Ulileta mdogo wako, au shemeji, au mwanafunzi aliye likizo, akaketi mbele ya boneti kuanzia asubuhi mpaka kazi iishe. Kila mtu alikuwa na kisa cha rafiki aliyepeleka gari lenye betri mpya likarudi na betri ya marehemu. Sijui visa vile vilikuwa vya kweli kiasi gani. Najua tu kwamba mimi mwenyewe nilichora kila spana yangu kwa tupa, kwa sababu nilimshuku jirani.

Yeye alimleta shangazi yake, dada wa baba, mkazi wa Shinyanga, muuza vitenge sokoni. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kufika mbali, kucha nyekundu, na kitambaa cha meza alichokuwa anakifuma kwa uzi mweupe. Akaketi juu ya kigoda, karibu kiasi kwamba nilipoinama kwenye injini nilisikia pumzi yake.

"Mwangaluka," alinisalimu Kisukuma.

Nikaitikia, kisha nikamwamkia tena kwa shikamoo ili nisionekane nimepungukiwa adabu.

"Marahaba. Hicho unachotoa kinaitwaje?"

"Plagi, Shangazi."

"Kitarudi?"

"Kitarudi."

"Hicho hicho?"

"Hicho hicho, labda kikiwa kimekufa nitakuonyesha kwanza."

"Kikifa niite nikizike," alisema, akaendelea kufuma.

Fundi jirani alitoa kichwa chini ya pikapu. "Leo umeletewa hakimu!"

"Na wewe rudi huko uvunguni," Shangazi alimjibu bila kugeuka. "Nitakuhukumu kabla ya huyu."

Jua lilipopanda aliniomba nimletee maji ya kunywa. Nilikwenda kwenye bomba lililokuwa ndani ya stoo ya duka, na niliporudi nilimkuta amesimama, ameinama juu ya injini, anafunga mkoba wake haraka. Kulikuwa na harufu kali, tamu tamu, isiyokuwa ya gari. Alipokea maji akanywa yote akinitazama juu ya bilauri. Mimi nikatazama injini. Kwenye ganda la nje la tabo kulikuwa na doa jekundu, dogo kama punje ya mtama. Jingine kwenye waya wa plagi. Jingine kwenye kifuniko cha kichujio cha hewa.

Sikuuliza. Nilijiambia ni ile gundi nyekundu ya gasketi ambayo mafundi wa Geita hupaka ovyo. Lakini nilikuwa nimekwishaikagua tabo ile asubuhi, na sikukumbuka gundi. Moyo wangu ulikwenda mahali pengine kabisa. Watu wa dhahabu walijulikana kwa dawa. Walipaka dawa mashimoni, walifunga dawa viunoni, walizika dawa kwenye vizingiti, na kwa nini wasiweke kwenye gari? Nilijiona nimeshika kwa mikono mitupu kitu kilichosomewa. Nilikuwa kijana wa pistoni na vipimo, na niliogopa kama mtoto.

Hapo wakaja kumwita Shangazi sokoni, mteja wa jumla amefika kutoka Kahama. Akasita, akanitazama, akaitazama injini. "Narudi sasa hivi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuonya.

Nilipobaki peke yangu nilifanya kazi kama ninayefukuzwa. Ugonjwa wa gari nilikuwa nimekwishaujua. Tabo, kwa asiyeifahamu, ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, na kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Sasa mpira mkubwa unaopeleka hewa hiyo ulikuwa umepasuka kwa chini, na mtu fulani alikuwa ameufunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Hewa ilitoka hapo, na mluzi wote ule ulikuwa nguvu inayomwagika. Kichujio kilijaa vumbi la Nyarugusu hadi kuwa kama tofali. Plagi zilikuwa nyeusi, na petroli ilinuka mafuta ya taa, jambo la kawaida kwenye vituo vya njia ile.

Nilishusha tabo. Nikachukua beseni, petroli safi, na thina niliyopewa na fundi rangi wa uwanja wa pili, nikaosha. Niliosha tabo, vifuniko, nyaya, kila nilichokifungua. Yale madoa mekundu niliyasugua kwa mswaki wa zamani hadi chuma kikang'aa, nikasugua tena pale palipokuwa tayari pamekwisha. Nilipomaliza nilivipanga vyote juu ya gunia, vikiwaka kwenye jua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikapumua.

Shangazi alirudi, akasimama mbele ya gunia lile. Hakuketi. Alitazama kifaa kimoja kimoja, akaokota tabo, akaigeuza, akairudisha mahali pake taratibu mno.

"Vimekuwa vizuri," alisema.

"Asante, Shangazi."

"Vizuri sana. Kama vipya."

Akakunja kitambaa chake, akachukua mkoba, akaondoka. Nilidhani amegundua nimeiosha dawa yake. Baadaye kidogo nikadhani ameniona nikifungua kitabu cha picha akajua sijasoma. Sikufikiria hata mara moja alichokuwa anakifikiria.

Nilimalizia kazi peke yangu, jambo ambalo lingetakiwa kunishtua. Nilikata mpira mzito wa rejeta ya lori, nikauweka mahali pa ule uliopasuka na kuubana kwa klipu mpya. Halafu nikafanya lile ambalo broka alikuwa amelijia. Kwenye tabo kuna mpira mwembamba unaopeleka upepo kwenye kidude kinachofungua mlango wa moshi. Upepo ukizidi, mlango unafunguka na feni inapunguza mbio. Ukivujisha kidogo upepo wa mpira huo, mlango unachelewa, na injini inapata hewa zaidi. Wenye vifaa vyao hutumia koki maalumu. Mimi nilinunua mpira wa dripu kwenye duka la dawa, nikatumia kile kigurudumu ambacho manesi hukisukuma kwa kidole kupunguza matone. Nikakifungua kidogo sana. Nilijua hewa ikizidi, na petroli yenyewe ikiwa imechakachuliwa, pistoni zingetoboka. Niliunga pia geji ya upepo ya kompresa mbovu kwa mpira mrefu uliopita dirishani, ili nione sindano gari likienda.

Siku iliyofuata asubuhi broka aliingia uwanjani kwa miguu, Shangazi nyuma yake, na nyuma ya Shangazi mwenye duka akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Nilipoona miwani ile niliweka spana chini.

"Tabo yangu iko wapi?" broka aliuliza.

"Iko kwenye gari."

"Hiyo naiona. Nauliza yangu."

Shangazi alifungua mkoba na kutoa kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Harufu ile ile.

"Niliweka alama," alisema, si kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Ulipokwenda kuleta maji. Hapa, hapa, na hapa. Njoo uone mwenyewe. Altaneta unaiona? Ina doa. Stata ina doa. Betri ina doa. Ni vile ambavyo hukuvigusa. Vile ulivyovifungua wewe, hakuna hata kimoja chenye alama."

Mafundi walikwishakusanyika. Sikuwa na haja ya kutazama kujua jirani yangu yuko mbele.

"Niliosha," nilisema.

"Uliosha nini?"

"Vyote. Kwa thina. Rangi imetoka na thina."

"Nani anaosha tabo?" jirani aliuliza wenzake, na wakaanza kucheka. "Jamani, kuna mtu hapa amewahi kuosha tabo? Uliipaka na mafuta ya nywele?"

Na alikuwa na haki ya kucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nimevunja desturi bila kujua kuwa ni desturi. Fundi wa Shinyanga alirudisha kifaa na uchafu wake, kwa sababu mwenye gari aliutambua uchafu wake: grisi ile, masizi yale, mkwaruzo ule. Kifaa kinachong'aa kilikuwa kifaa kisicho na mwenyewe. Nilikuwa nimejifundisha injini zote nyuma ya kile kiwanda, lakini pale hapakuwa na wateja.

"Madoa hukuyaona?" mwenye duka aliuliza polepole.

"Niliyaona."

"Ukayafuta."

"Nikayafuta."

"Kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilidhani ni dawa. Maneno matatu tu, na kila mtu pale angeyaelewa, pengine hata kuniamini. Lakini ningeyasema nikiwa nimemnyooshea kidole mama mtu mzima mbele ya kundi la wanaume, Shinyanga, miaka ile. Neno kama hilo lilikuwa halibaki uwanjani. Lingefika sokoni kabla yake, lingelala kijijini kwao, na nilishasikia habari za wanawake walioanza kwa kutajwa tu kwa utani, wakaishia kukatwa mapanga kwa kuitwa wachawi.

"Nilidhani ni gundi," nilisema.

Mwenye duka alivua miwani. Nilijua anavua ili atamke sharti lake.

"Ngoja kwanza, mzee," broka alisema. "Kama ameniwekea mzoga, barabara itasema. Twende wote."

Tulitoka upande wa Tinde, yeye kwenye usukani, Shangazi kiti cha nyuma, mimi mbele na geji mapajani. Sikuwa nasali kwa ajili ya mwendo. Nilikuwa nasikiliza kama injini inagonga. Alianza taratibu, akishuku kila sauti. Mluzi haukuwepo. Tukafika kipande kilichonyooka, na mbele yetu kulikuwa na lori la pamba, marobota yamezidi kimo, linatimua vumbi. Akakanyaga.

Gari lilitulia kidogo, kama linalofikiri, kisha likatusukuma migongo kwenye viti. Sindano ya geji ilipanda ikasimama pale pale nilipoitaka. Shangazi alisema, "Weee!" Lori likapita dirishani kama ukuta, likawa nyuma, likawa dogo. Broka hakuachia hadi nilipomshika mkono.

"Inatosha! Usizidishe!"

Aliegesha kando ya barabara. Alikaa mikono juu ya usukani, tabasamu likimjia upande mmoja wa mdomo.

"Hii si tabo yangu," alisema.

"Ni yako."

"Mimi gari langu nalijua. Yangu ilikuwa bibi kizee. Hii ni kitoto cha simba."

"Ilikuwa inavuja hewa. Mpira ulipasuka, kichujio kiliziba. Nimeziba pa kuvuja na nimeongeza upepo kidogo sana. Hicho kigurudumu usikiguse, pistoni zitatoboka."

"Aha. Mafundi lazima muache kitu ili turudi." Akanigonga goti. "Sikuulizi umeitoa kwenye gari la nani. Sitaki kujua. Ungeniletea mbovu ningekuharibia maisha. Umeniletea nzuri, basi ni yangu."

"Mzee, naapa ni ile ile."

"Ndiyo. Ile ile," alisema, na kunikonyeza.

Nimewahi kushukiwa mara nyingi. Sikuwahi kabla ya hapo kushukiwa kwa furaha. Nilimgeukia Shangazi. Alikuwa anatazama nje, mashamba ya pamba, uso wake haunipi kitu.

Uwanjani broka alimwambia mwenye duka, "Yameisha. Tumeelewana." Akaongeza juu ya malipo bila kuombwa, mbele ya watu, kama anayenunua ukimya, akamshusha Shangazi na kuondoka akipiga honi. Mwenye duka alinitazama muda mrefu. Hakuna mteja aliyelalamika, kwa hiyo sharti halikuvunjwa. Hakunifukuza. Aliingia ndani, na mchana ule nilipokwenda kuchota maji nilikuta stoo yake ina kufuli jipya.

Shangazi hakwenda sokoni. Alirudi kwenye kigoda chake, mbele ya nafasi tupu pale gari lilipokuwa, na kuendelea kufuma kana kwamba bado kuna kitu cha kulinda.

"Ni ile ile," alisema kwa sauti ya chini.

Nilikaa juu ya pipa. "Umejuaje?"

"Mwizi angeyaona madoa yangu akajua ni alama. Angekwenda dukani, angenunua rangi, angeyarudisha mahali pake. Mwizi ndiye anayejali alama. Wewe umeyasugua kama mtu anayetoa matope kwenye kiatu." Akavuta uzi. "Ila si gundi. Hukudhani ni gundi. Niliona uso wako."

Ndoano yake ya kufumia ilisimama.

"Ulidhani nimeweka nini?"

"Dawa," nilisema.

Nilisikia nyundo ya jirani, na redio ya dukani. Kisha akauliza, akiwa haniangalii, "Walipokuuliza, kwa nini hukusema?"

"Nisingeweza kusema vile mbele yao."

Alikunja kitambaa mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. "Kuna jirani yangu," alianza, na hakumaliza. "Wabeja," alisema baadaye, yaani asante, kwa sauti ambayo sikuwa nimemsikia nayo. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye kaunta ya duka. Nilimsikia vizuri, kwa sababu sauti yake kubwa ilikuwa imemrudia. "Mzee, yule kijana aliosha. Rangi hii inatoka na thina. Lete thina nikuonyeshe."

"Nimeelewa, mama," mwenye duka alisema. "Hakuna shida. Yameisha."

"Hayajaisha. Nimesema aliosha."

"Ndiyo, mama. Aliosha."

Alisema hivyo kwa upole wa mtu anayemhudumia mteja. Kufuli lilibaki.

Wateja wakaongezeka. Walikuja kutoka Kahama, kutoka Geita, watu wenye stesheni na pikapu za tabo, na kila mmoja aliegesha pua ikielekea getini. Hawakuniuliza nimejifunza wapi. Waliniuliza kwa kunong'ona kama bado ninayo tabo nyingine, kama ile ya yule bwana. Niliwaeleza kuhusu mpira uliopasuka na kichujio, na walinisikiliza kwa adabu, wakisubiri nimalize ili tuanze kuzungumza.

Mmoja wao alikuja saa sita mchana, jua kali, dereva wa mwenye mashine za kusaga mawe. Aliposikia maelezo yangu alitazama nyuma ya mapipa, akatazama mlango wenye kufuli, akaniambia atarudi jioni watu wakipungua.

"Hapana," nilisema. Nilichukua beseni nikaliweka katikati ya uwanja, mbali na kivuli, mahali ambapo jirani yangu, mwenye duka na wapita njia wote wangeliona, nikalijaza petroli. "Lete gari sasa hivi. Na njoo na mtu wa kukaa hapa aangalie. Aje na rangi yake, achore anachotaka. Nitaosha akiwa ananitazama."

Dereva alitazama beseni, akanitazama mimi.

"Sasa mbele ya watu wote hawa," aliuliza, "hiyo nyingine utaitolea wapi?"

Jirani yangu aliangua kicheko kule chini ya gari. Mimi nilikuwa nimekwishachuchumaa, mswaki mkononi, namsubiri alete gari.